Je, Yafaa Kuosha Vyungu vya Miche Kabla ya Kuvitumia Tena?

Mvua zinapokaribia, watu wengi nchini Kenya huanza kuotesha miche ya nyanya, sukumawiki na pilipili karibu na nyumba zao. Kwa kazi hiyo hukusanya kila chombo walicho nacho: vyungu vya udongo vya mwaka uliopita, makopo ya samli na ndoo za plastiki zilizotoboka. Hapo ndipo huzuka swali: Je, vyombo hivi vioshwe kwanza, au yatosha kuvikung'uta tu? Wako wasemao kwamba mmea wenyewe huishi katika udongo, basi kumwosha chungu udongo na kisha kumtia udongo tena ni kupoteza sabuni bure. Maneno haya yanachekesha, lakini si ya kipumbavu, na yastahili kujibiwa.

Mwandishi wa habari hizi aliyafuata maneno hayo zamani, akapanda mbegu za nyanya katika makopo yaliyotumika msimu uliotangulia. Mbegu ziliota vizuri. Baada ya siku chache akaamka asubuhi na kuona miche karibu yote imelala chini, na kila shina limekonda usawa wa udongo kana kwamba limefungwa kwa uzi. Makopo mawili tu yalikuwa mapya, na katika hayo miche ilisimama, ijapokuwa mbegu ni zile zile na udongo ni ule ule. Ilimbidi anunue pakiti nyingine ya mbegu, na ye yote aliyepata kununua mbegu bora anajua bei yake. Lakini hasara iliyo kubwa zaidi ilikuwa ni majuma matatu ya mvua yaliyopita bure.

Ugonjwa huo huitwa kinyausi. Huletwa na vijidudu vya namna ya ukungu ambavyo huweza kulala katika udongo mkavu kwa muda mrefu pasipo kufa, kisha huamka vikipata maji na mche mchanga. Tabaka jembamba la udongo lililogandamana ndani ya chungu, pamoja na vipande vya mizizi ya zamani, ndilo kao lao. Humo pia huweza kubaki mayai ya minyoo midogo isiyoonekana kwa macho, ile ifanyayo mizizi kuwa na mafundo. Vile vile hubaki vijidudu vya ugonjwa wa mnyauko, ambao hushambulia nyanya, viazi, biringanya na pilipili.

Mnyauko huu wapaswa kuogopwa zaidi, maana hauna dawa mmea ukiisha kuupata. Iwapo nyanya yako ilinyauka ghafla ikiwa bado mbichi, likate shina karibu na mzizi, ulitumbukize katika glasi ya maji safi na kulishikilia lisitikisike. Ukiona nyuzi nyeupe kama maziwa zikiteremka polepole, basi ni ugonjwa huo. Udongo wa chungu hicho usimwagwe shambani wala kwenye shimo la mbolea.

Basi si kila chungu kinachodai kazi kubwa. Kama kilikuwa na ua lenye afya, na sasa unataka kupanda humo mmea uliokwisha kukomaa, kukisugua kwa brashi na maji kwatosha. Lakini kwa mbegu na miche michanga, au kama mmea wa kwanza ulikufa kwa sababu usiyoijua, hapana budi kukiosha barabara.

Katika kuosha, utaratibu ndio wenye maana. Wengi humimina dawa juu ya chungu chenye matope, wakadhani wamemaliza. Dawa ya klorini, ile ya kung'arishia nguo nyeupe, huisha nguvu mara igusapo udongo na majani yaliyooza. Kwa hiyo kwanza sugua kwa sabuni na maji mpaka uchafu wote utoke. Kisha changanya kikombe 1 cha dawa na vikombe 9 vya maji, uloweke chombo kwa nusu saa, ukisuuze vizuri na kukianika juani. Mchanganyiko huo ufanywe siku ile ile ya kuutumia. Vyungu vya udongo hunywa maji, basi baada ya dawa vilowekwe tena katika maji safi. Makopo ya bati hushikwa na kutu upesi kwa klorini. Hayo yafaa kuchemshwa katika maji.

Ukoko mweupe uonekanao juu ya vyungu si ugonjwa, bali ni chumvi ya mbolea na ya maji. Siki iliyotiwa maji huuondoa. Lakini siki na klorini zisikutanishwe kamwe, kwa kuwa hutoa hewa yenye sumu inayodhuru mapafu.

Hata hivyo, chungu kilichooshwa hakifai kitu kama utakijaza udongo ulioteka palipokufa nyanya mwaka jana. Wako wakulima wanaoupika udongo wa miche kwa mvuke: hutia maji kidogo katika pipa, hupanga vijiti juu ya maji, huweka udongo juu ya vijiti na kuufunika kwa gunia. Hufukia kiazi kimoja katikati ya udongo, na kiazi kikiiva hujua kwamba udongo nao uko tayari. Asiye na pipa na achukue udongo mahali ambapo hapajapandwa mimea ya jamaa ya nyanya.

Kipo chombo kimoja tu ambacho hakuna kuosha kutakakokifaa, nacho ni kopo lililokuwa na dawa ya kuulia wadudu. Hilo lisuuzwe mara tatu, maji yake yatiwe katika bomba la kunyunyizia, kisha litobolewe ili mtu mwingine asije akalitumia kwa miche, wala kwa maji ya kunywa.