Mozart, Bashraf na Daftari la Mwanafunzi

Mwanafunzi wa Engutoto, Tanzania, anayejiandaa kwa mtihani wa kidato cha nne ni nadra kupata utulivu. Huku karakana ya kuchomelea vyuma, kule baa imefungulia spika, na bodaboda hazikatiki. Ndiyo maana ushauri kwamba muziki wa Mozart hufungua akili unapokelewa kwa hamu. Una ukweli ndani yake, ila si ule unaotangazwa.

Chanzo chake ni utafiti wa mwaka 1993. Frances Rauscher na wenzake, katika Chuo Kikuu cha California kilichoko Irvine, waliwapa wanafunzi 36 sonata ya Mozart ya piano mbili waisikilize kwa dakika 10, kisha maswali ya maumbo. Alama zilipanda, lakini faida hiyo ilidumu takriban robo saa tu. Tena muziki ulipigwa kabla ya maswali, si wakati wa kuyajibu. Mwaka 2001 watafiti wa Canada walionyesha kuwa siri ilikuwa uchangamfu wa msikilizaji: muziki wa polepole wenye huzuni haukuleta faida hiyo.

Kusoma huku muziki unaendelea ni habari nyingine. Kumbukumbu ya muda mfupi ina nafasi finyu ya kushikilia maneno, na sauti ya mtu huingia humo bila hodi. Mwaka 1989 watafiti Pierre Salamé na Alan Baddeley waligundua kuwa nyimbo zenye maneno huvuruga ukariri kuliko ala tupu. Kutojua lugha ya wimbo hakukuokoi: mwaka 1976 watafiti Colle na Welsh waliwasikilizisha watu Kijerumani wasichokijua, na bado wakakosea zaidi kukumbuka mpangilio wa herufi. Kwa hiyo rumba ya Kilingala nayo si kimbilio.

Basi kinachoipa sonata ya Mozart nafuu hapa ni kukosa maneno, si asili yake ya Ulaya. Opera ni ya Ulaya vilevile, lakini imejaa uimbaji. Bashraf ya taarabu ya Unguja, inayopigwa kwa udi, kanuni na fidla pasipo mwimbaji, inafaa kama sonata.

Kwa kukariri au kusoma somo gumu, kimya kinashinda muziki wowote. Amka alfajiri kabla mtaa haujachangamka. Maneno ya jirani yasipoepukika, yafunike kwa ala tupu, sauti ikiwa ya chini. Kwa kunakili au kazi uliyoizoea, muziki unaoupenda hauna madhara makubwa. Na kama mwili umelegea, sikiliza Bongo Fleva uipendayo dakika kumi, uzime, ndipo ufungue daftari. Wiki za mwisho jizoeze bila muziki kabisa, maana ukumbi wa mtihani haupigi chochote.