Jasho la Mwanamuziki

Ndugu askari, mwizi akivunja duka, mali hutoweka. Wimbo ukinakiliwa, mwenyewe hubaki nao. Kipoteacho ni malipo ya jasho lake.

Mwezi Juni 1999, huko Marekani, kijana Shawn Fanning alizindua Napster, programu iliyowawezesha watu kupeana nyimbo kwa intaneti bila malipo. Makampuni ya muziki yaliishtaki Desemba mwaka huohuo. Bendi ya Metallica ikafuata Aprili 2000. Mahakama iliibana, na Julai 2001 ikazimwa. Hata hivyo, wasikilizaji walihamia kwingine, na mauzo ya sidii yakaporomoka.

Nafuu ilianza pale njia ya halali iliporahisishwa: mwaka 2003 Apple ilianza kuuza wimbo mmoja kwa senti 99.

Basi mlinzi wa sheria azingatie: rungu peke yake halikutosha.