Heroe wa Bogoria na Wageni wao wa Kibera na Kawangware

Kawangware ni mtaa wenye ndege ndani ya jina lake. Wenyeji husimulia kwamba jina hilo limetokana na ngware wa Kikikuyu, ndege ambaye sisi watu wa pwani twamwita kwale, yule yule aliyeuachia jina mji wa Kwale kule juu ya milima ya Shimba. Na Kibera, jirani yake, ni neno la Kinubi, kibra, maana yake msitu. Basi, mpenzi msomaji, mitaa hii miwili ya Nairobi ambayo magazeti huikumbuka kukizuka moto, mafuriko au maandamano, mmoja umepewa jina la ndege na mwingine jina la msitu. Leo ukimtafuta kwale Kawangware utarudi na vumbi la viatu. Ndege mkubwa aliyezoeleka huko ni yule korongo mwenye kipara na mfuko shingoni, asimamaye juu ya jaa akiwatazama wapitao kama karani wa mahakama. Na Bwawa la Nairobi, lililojengwa mwaka 1953 bondeni chini ya Kibera, ambamo enzi zile watu wenye nafasi zao walikuwa wakiendesha mashua za tanga kwa starehe, kwa miaka mingi limefunikwa na magugu-maji na taka hata mgeni akadhani ni shamba.

Kwa hiyo niliposikia kwamba vijana wa mitaa hiyo wamekusanya shilingi zao, wiki baada ya wiki, ili wakodi matatu waende kuwatazama heroe, nilisema safari hii hainipiti. Nusu yao walitoka Makina, kwa Wanubi wa Kibera, na nusu Kawangware. Alikuwamo pia ajuza mmoja wa Kinubi, wajukuu wamwita habuba, aliyezaliwa Kibera na kuzeeka Kibera, na ambaye katika umri wake wote hakuwahi kwenda mahali kwa ajili ya kutazama tu. Harusi, matanga, hospitali, soko, hizo ndizo safari zake.

Hapa sina budi kusema neno juu ya jina. Wengi siku hizi husema flamingo, na si kosa kueleweka. Lakini Kiswahili kina neno lake, heroe, nami siwezi kuliacha njiani kama mzigo usio na mwenyewe. Wasomaji wetu wa Malindi na Mambrui hawahitaji kufundishwa, kwani heroe huonekana pale mlangoni pa mto Sabaki, wakitembea matopeni kwa miguu yao mirefu myembamba. Lakini heroe wa Sabaki ni wageni wachache wa kupita. Kwao khasa ni yale maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa.

Zamani jibu la nani amewaona heroe lilikuwa moja tu: nenda Nakuru. Ziwa lile, yapata kilomita 160 kutoka Nairobi, lilifanywa mbuga ya taifa mwaka 1968, na picha ya ufuo wake uliogeuka rangi ya waridi kwa wingi wa ndege ilizunguka dunia nzima kwenye kadi za posta. Lakini tangu mwaka 2010 hivi maji ya maziwa ya Bonde la Ufa yalianza kupanda. Nakuru ilimeza miti ya ufuoni, ikameza lango kuu la mbuga na ofisi zake. Mvua na mito ilipoyazimua maji, ile chumvi ikapungua, na chakula cha heroe kikapungua nayo, wakahama kwa maelfu. Dereva wetu aliyajua hayo. Alituambia waziwazi, "Nakuru mtaona vifaru na nyati. Mkitaka heroe, tuendeni Bogoria."

Tukaenda Bogoria. Ukitoka Nakuru kushika njia ya Marigat, nchi hubadilika mbele ya macho yako. Mashamba yanaisha. Kufika Mogotio, ulipo mstari wa Ikweta, kijani kimekwisha kuwa cha miba. Mbele yake ni ardhi nyekundu, mawe meusi, migunga, mbuzi waliosimama kwa miguu ya nyuma kufikia majani, na joto ambalo mtu wa Mombasa hulitambua kwa ukali wake lakini hulikana kwa ukavu wake. Vijana waliozoea ubaridi wa Nairobi walianza kuvua makoti mmoja mmoja. Habuba hakuvua chochote. Alijifunga mtandio wake vizuri akasema joto hili ndilo alilosimuliwa na babu yake juu ya Sudani.

Ziwa lenyewe limelala chini ya ukuta mrefu wa mlima, jembamba, refu. Ramani za Waingereza zililiita Hannington, kwa jina la askofu James Hannington aliyepita huko mwaka 1885 akielekea Buganda, akauawa Busoga mwaka huo huo kabla ya kufika. Hifadhi iliyowekwa mwaka 1973 ilikuwa bado na jina la askofu, mpaka baadaye jina la wenyewe, Bogoria, likarudi. Mwaka 2011 UNESCO iliyaingiza Bogoria, Nakuru na Elementaita pamoja katika orodha ya urithi wa dunia.

Kisha tukawaona. Sitajaribu kupamba sana, maana vijana walionizunguka, ambao kwa kawaida hawakosi maneno, walinyamaza. Kwa mbali ni kama mtu ametandika kanga ya rangi ya waridi ukingoni mwa maji, pindo baada ya pindo. Ukikaribia, ile kanga inapumua. Kisha yasikika sauti, si wimbo, ni mnung'uniko wa maelfu, kama uwanja wa Idi kabla imamu hajainuka. Katika miaka ya neema heroe wa Bogoria wamepita milioni moja. Siku ile hawakufika huko, wala hapana aliyeona upungufu.

Kijana mmoja wa Kawangware, fundi wa simu, aliuliza swali ambalo watu wazima huona haya kuliuliza: kwa nini ni wekundu? Askari wa hifadhi alimjibu vizuri. Heroe mdogo, ambaye ndiye mwingi hapa, hali samaki, kwani Bogoria haina samaki hata mmoja. Chakula chake ni mwani mdogo kupindukia, usioonekana kwa jicho, uitwao spirulina, uotao katika maji ya magadi na kuyapa rangi ya kijani kizito. Ndani ya mwani huo mna rangi nyekundu, nayo ndiyo imtiayo rangi ndege. Kinda lake huanguliwa la kijivu, na rangi yake huja kwa kula. Na ulaji wake ni ajabu nyingine. Huinamisha kichwa mpaka mdomo ukawa juu chini, ulimi ukavuta na kusukuma maji kama pampu, na pembeni mwa mdomo mna nywele laini za kuchujia. Habuba aliposikia hivyo alisema, "Basi ana kung'uto lake mdomoni," na sikumsikia mtaalamu yeyote aliyesema vizuri zaidi.

Jambo lililowashangaza wengi ni kwamba ndege hawa hawazai hapo. Takribani heroe wote wa Afrika Mashariki huanguliwa ziwa Natron, Tanzania, mahali pa maji makali yanayochoma, ambapo fisi na mbweha hawathubutu kuvuka. Hujenga kichuguu cha tope, hutaga yai moja tu. Mwingereza Leslie Brown, afisa wa kilimo aliyependa ndege, alijaribu mwaka 1954 kuyafikia makazi yao kwa miguu, akazama katika tope la magadi, akatoka na miguu iliyobabuka vibaya hata akalazwa hospitali. Mwaka 1962 Natron ilipofurika walizalia ziwa Magadi, upande wa kusini wa Nairobi, na huko magadi yakawaganda makinda miguuni kama pingu. Watu waliingia majini wakazivunja pingu hizo kwa nyundo, moja moja, wakaokoa makinda yapata 27,000. Ni magadi hayo hayo, msomaji, ambayo mama zetu huyatia kwenye maharagwe yapate kuiva upesi, na wazee huyachanganya na ugoro.

Adui wao Bogoria ni furukombe. Mvuvi wa pwani anamjua furukombe kwa kunyakua samaki. Huku amekosa samaki, basi amejifunza kula heroe. Tulimwona mmoja ameruka juu ya kundi, na lile kundi zima likainuka kwa pamoja, na hapo ndipo ilipoonekana ile nyekundu iliyofichwa chini ya mbawa. Nilikumbuka ile aya ya Surat al-An'am inayotufundisha kwamba ndege nao ni umma kama sisi. Chuoni tulipokuwa wadogo mwalimu alituhifadhisha, lakini kuhifadhi ni kitu kimoja na kuuona umma wenyewe ukiondoka ni kingine.

Adhuhuri ilitukuta karibu na chemchemi za maji moto. Baadhi zimefunikwa na ziwa lilipopanda, lakini zilizobaki zachemka na kurusha mvuke, na akina mama walikuwa wamekuja na mayai ya kuchemshia humo, kama ilivyo desturi ya wageni. Kijana mmoja wa Makina aliniuliza kama maji ya ziwa yafaa kutawadhia. Nilimwambia maji yaliyobadilika kwa kilichomo katika ardhi yake ni tohara, kama ya bahari, ila yakichoma ngozi mtu hakuamrishwa kujidhuru. Na kwa kuwa tulikuwa na madumu mawili ya maji ya Nakuru, mjadala uliisha bila ya ugomvi. Tukasali tukipunguza, kama wasafiri.

Baada ya sala alitujia mzee wa Kiendorois, mchunga mbuzi. Waendorois ndio wenyeji wa ziwa hili. Wao husimulia kwamba zamani mahali pale palikuwa na watu walioishi kwa anasa hata wakamsahau Mungu, na usiku mmoja ardhi ikadidimia, maji yakajaa, na wachache waliookoka ndio waliozaa kabila lao. Msomaji aliyesoma khabari za kaumu Lut hatakosa kutikisa kichwa. Kwao ziwa ni mahali pa wafu wao na pa maombi yao, na kandokando mna udongo wa chumvi ambao mifugo yao haiwezi kukaa bila ya kuuramba.

Hifadhi ilipotangazwa mwaka 1973 waliondolewa, ndege wakabaki. Mzee alisema jambo hilo bila ya kupandisha sauti. Mwaka 2003 kesi yao ilipelekwa mbele ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu, na mwaka 2010 ikatangazwa hukumu kwamba Serikali ya Kenya imewakosea: warudishiwe ardhi, waruhusiwe kufika ziwani kwa ibada na malisho, walipwe fidia na mgao wa mapato ya hifadhi. Hukumu hiyo hutajwa katika vyuo vya sheria ulimwenguni. "Vyuoni inasomwa," alisema mzee, "na mimi bado naulizwa langoni naenda wapi."

Habuba ndiye aliyemjibu, na hapo nilifahamu kwa nini alikuja. Wanubi waliletwa na Waingereza wakiwa askari kutoka Sudani, wakapiganishwa katika jeshi la KAR, na mwanzoni mwa karne iliyopita wakapewa ule msitu wakae. Mwaka 1918 ulitangazwa rasmi kuwa eneo la askari, zaidi ya eka 4,000. Hati ya kumiliki hawakupewa. Miaka ikapita, mji ukasogea, nyumba za watu wengine zikajengwa, na vijana wao wakawa wakiomba kitambulisho hukalishwa mbele ya kamati na kuulizwa babu yao alitoka wapi. Wao pia walikwenda kwa Tume ile ile, nayo ikawapa haki mwaka 2015. Mwaka 2017 Rais Uhuru Kenyatta aliwakabidhi hati ya ardhi ya jumuiya, eka 288.

"Katika ngapi?" aliuliza mzee.

"Elfu nne na kitu."

Mzee alihesabu kwa vidole, akaacha. Kisha akamwuliza kama kwao Kibera kuna makaburi ya wazee wao, na kama wanaruhusiwa kuyazuru. Habuba akasema yapo, na wanazuru. "Basi mmetushinda," alisema yule mzee, na wote wawili wakacheka.

Nasema wazi kwamba sioni ugomvi kati ya ndege na mchunga mbuzi. Waendorois waliishi na heroe tangu na tangu, na heroe hawakupungua kwa sababu yao. Linalowatishia ndege leo ni maji yapandayo: Loboi lango la zamani limezama, na wakazi wanahofia Bogoria lisije likakutana na ziwa Baringo, lile la maji matamu, chumvi na utamu vikaharibiana. Hilo mchunga mbuzi hakulileta.

Vijana walitaka kukaa hata magharibi. Dereva alikataa kwa sababu ya barabara. Askari alituambia kwamba heroe husafiri usiku, makundi kwa makundi, wakiitana gizani, na kwamba asubuhi nyingine yeye hufika kazini akakuta ufuo mtupu. Tulipokuwa tunapanda matatu, yule fundi wa simu wa Kawangware alikuwa bado amesimama nje. Alikuwa ameokota unyoya mmoja, na askari alimwambia aurudishe, maana hairuhusiwi kutoka na kitu hifadhini. Aliurudisha chini polepole, akauwekea kijiwe juu usipeperuke.