Mkutubi si Mlinzi wa Vumbi

Msomaji wa magazeti akiulizwa mkutubi ni nani, yamkini atamtaja mama mwenye miwani aliyeketi nyuma ya meza, kidole mdomoni, akiwaamuru watu wanyamaze. Kama si huyo, atamtaja karani wa masijala anayeshukiwa kuificha faili ya kesi au ya shamba. Hizo ndizo sura mbili tunazochorewa mwaka nenda mwaka rudi. Mtaalamu mwenyewe, pamoja na elimu na maarifa yake, haonekani.

Chukua mfano wa maktaba ya ngamia. Mwaka 1996, Shirika la Huduma za Maktaba nchini (KNLS) lilianza kuwapelekea vitabu wafugaji wa kuhamahama karibu na Garissa kwa msafara wa ngamia. Magazeti ya hapa nchini na ya ng'ambo yaliupenda mno mpango huo, wala si ajabu, kwani ngamia aliyebeba masanduku ya vitabu nyikani ni picha isiyohitaji maelezo. Lakini picha hiyo ilitufunza kumstaajabia mnyama na kumsahau binadamu. Yuko aliyechagua vitabu vinavyomfaa mtoto wa mfugaji, akapanga njia na siku za safari, akaandika nani ameazima nini na atakirejesha lini. Kazi hiyo ndiyo maktaba. Ngamia ni gari tu.

Mhifadhi wa nyaraka naye hana bahati. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa ajili ya Wakenya 5,228 walioteswa enzi za vita vya Mau Mau. Tulisoma habari za wazee na mawakili wao, na walistahili. Hata hivyo, sehemu ya ushahidi ilitoka katika faili za ukoloni zilizohamishiwa Uingereza wakati wa uhuru, ambazo serikali hiyo ilikiri kuwa nazo mwaka 2011. Kenya ilikuwa imeanza kuzidai tangu miaka ya 1960, na wahifadhi wa Nyaraka za Kitaifa walikwenda hadi Uingereza kuzisaka. Je, ni wasomaji wangapi wamewahi kusikia habari za watu hao?

Kuna atakayesema kuwa gazeti ni biashara, na kwamba kupanga faili si habari ya kumvutia mnunuzi. Hoja hiyo ina uzito. Lakini mhariri anapotaka kujua waziri aliahidi nini miaka kumi iliyopita, humwendea nani ila yule anayetunza magazeti ya zamani? Mwandishi huokolewa na mtu huyu asiaibike, kisha asimkumbuke anapoishika kalamu.

Madhara ya dharau hii ni makubwa. Kijana aliyefaulu vyema mtihani huona haya kusomea ukutubi. Bajeti ya maktaba hukatwa pasipo yeyote kupiga kelele. Isitoshe, Kifungu cha 35 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mwananchi haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inazitaka taasisi za umma zitunze rekodi zao kwa utaratibu. Haki hiyo itabaki maneno matupu iwapo hakuna anayejua rekodi iko kwenye rafu ipi.

Hatuwaombei wakutubi sifa za bure. Faili ikipotea, mhusika aanikwe. Lakini mwandishi aulize pia kama masijala hiyo ina rafu za kutosha, na kama aliyewekwa humo amefunzwa kazi au ametupwa tu kama adhabu. Tena mkutubi aulizwe maoni yake kama wanavyoulizwa daktari na wakili, hasa wakati huu ambapo uvumi unaenea kwa kasi kuliko ukweli.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Basi mshika daftari naye aandikwe.