Nilikuwa Nikiandika Majina ya Wanaoongea Kilugha

Nikiwa darasa la nne, Ifakara, mwalimu wa zamu alinipa daftari dogo na kazi moja: kuandika jina la yeyote atakayeongea kilugha ndani ya eneo la shule. Nilifurahi sana. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri, halafu nyumbani kwetu tulikuwa tunaongea Kiswahili tu, kwa hiyo mimi mwenyewe sikuwa kwenye hatari ya kuandikwa. Saa ya uji wenzangu wanapanga foleni, mimi nazunguka na daftari.

Jina lililojirudia kuliko yote lilikuwa la kijana mmoja wa Kisukuma niliyekaa naye dawati moja. Hakuwa mkorofi hata kidogo. Alikuwa na mdogo wake darasa la kwanza, na kila akimwita au akimwambia "tusubiriane twende wote", alimwambia kwa lugha pekee ambayo yule dogo aliielewa. Mimi naandika. Ijumaa majina yanasomwa mstarini, fimbo zinafuata. Tulipoingia darasa la tano hakuwepo, wala mdogo wake. Sisemi waliacha shule kwa sababu ya daftari langu. Familia za wafugaji zinahama, na mwishoni mwa 2012 ilikuwa imepita operesheni ya kuondoa mifugo bondeni. Lakini pia siwezi kuapa kwamba daftari halikuchangia chochote.

Sasa nasomea ualimu, fizikia na hisabati, na mwaka jana nilirudi bondeni kwa ajili ya TP. Ndipo nilipoanza kuelewa nilichokuwa nakifanya na lile daftari. Naandika hapa kwa sababu wengi wetu tunaosoma gazeti hili tutakabidhiwa madarasa, na karibu kila darasa lina mtoto wa aina ya yule jirani yangu wa dawati.

Kwanza nielezee bonde lenyewe, maana ukitajiwa Kilombero unawaza mpunga na miwa tu. Wenyeji wa kandokando ya mto ni Wandamba, watu wa mitumbwi na samaki. Wapo Wapogoro, wengi wakiwa ng'ambo ya mto kuelekea Mahenge, wapo Wambunga, wapo Wabena na Wahehe walioshuka kutoka milimani. Miaka ya 1960 kiwanda cha sukari upande wa Kidatu kikaleta vibarua kutoka kila kona. Miaka ya 1970 ikajengwa reli ya TAZARA, inapita Ifakara kwenda Mlimba, na watu wengine wakashuka na kubaki. Baadaye wakaja Wasukuma na ng'ombe wao, Wamaasai, na Wabarabaig ambao mtaani tunawaita Wamang'ati. Babu yangu Mndamba alimuoa bibi Mpogoro, na lugha waliyokutana nayo jikoni ilikuwa Kiswahili. Ndiyo maana mimi kwenye Kindamba najua salamu na majina ya samaki, basi.

Kwa hiyo mtoto wa Ifakara mjini akifika darasa la kwanza, Kiswahili cha mwalimu ni Kiswahili cha mama yake. Anapanda ngazi moja tu, ile ya Kiingereza, atakapofika sekondari. Mtoto wa boma la wafugaji kilomita kadhaa kutoka barabarani anapanda mbili. Akiwa na miaka sita anaanza na Kiswahili ambacho amekisikia dukani na mnadani. Akishakizoea, Kidato cha Kwanza kinamwambia sasa karibu kila kitu kwa Kiingereza. Na kwenye ngazi zote mbili anapimwa kama vile hakuna ngazi.

Mama yangu mdogo anafundisha madarasa ya chini kwenye kijiji kimoja upande wa Mlimba. Nilimtembelea baada ya TP nikakaa nyuma ya darasa lake siku tatu. Siku ya kwanza alinipa madaftari ya imla nimsaidie kusahihisha. Mtoto mmoja alikuwa ameandika "karamu" palipotakiwa "kalamu", na mistari miwili chini yake "kuludi" badala ya "kurudi". Nikapiga mkasi, mkasi. Mama mdogo akanishika mkono.

"Hujauliza kwanza kwa nini kakosa."

Kisukuma hakitofautishi "l" na "r" kama Kiswahili kinavyotofautisha. Mtoto aliyekulia humo hasikii sauti mbili, anasikia moja, kwa hiyo akiambiwa aandike anabahatisha. Masikio yake ni mazima, yamefundishwa hesabu nyingine tu. Na sisi wa bondeni tusijione: wangapi mtaani kwetu wanasema "zahabu"? Tofauti ni kwamba sisi tukikosea tunaitwa wazembe, wao wakikosea wanaitwa wazito.

Mtoto wa Kimaasai ana kazi tofauti kabisa. Kisukuma, Kindamba na Kipogoro ni ndugu wa Kiswahili, zote zina ngeli, zote zinaelewa kwa nini mti ukiwa mmoja "unaanguka" na ikiwa mingi "inaanguka". Kimaasai ni cha ukoo mwingine, pamoja na Kidatoga cha Wabarabaig. Hakina mfumo wetu wa ngeli. Kina jinsia ya kike na ya kiume inayobandikwa mwanzoni mwa jina, "enkiteng" kwa ng'ombe jike na "olkiteng" kwa dume, na sentensi yake kwa kawaida inaanza na kitenzi. Mtoto anayesema "kitabu yangu anaanguka" amejenga sentensi kwa matofali aliyonayo. Kumcheka ni rahisi. Ukijua matofali yenyewe unajua pia pa kuanzia kumsaidia: ngeli chache kwanza, kwa vitu anavyovishika mkononi, kwa wiki nzima ikibidi.

Anachofanya mama mdogo hakipo kwenye mwongozo wowote niliouona, na wala si cha gharama. Amejifunza maneno kama ishirini ya kila lugha ya darasani kwake: njoo, kaa, maji, umeelewa, unaumwa. Anasema hayo ishirini yanatosha kumtoa mtoto machozi wiki ya kwanza. Kila mtoto mgeni anamkalisha na mwenzake wa lugha yake anayejua Kiswahili zaidi, na huyo mwenzake ana cheo, anaitwa mkalimani. Hadithi inasimuliwa kwanza kwa lugha yoyote, kisha darasa zima linaisimulia upya kwa Kiswahili na yeye anaandika ubaoni kile walichosema. Wanasoma maneno yao wenyewe. Nilimuuliza kama haogopi kulaumiwa kwamba anaendekeza vilugha.

"Mwanangu," akasema, "mimi nafundisha Kiswahili. Hiyo ndiyo barabara ya kukifikia."

Kwa upana wake, hoja hiyo ni ya zamani. Mwaka 1953 UNESCO ilitoa ripoti ikisema mtoto huanza vizuri zaidi akifundishwa kwa lugha ya kwao. Uganda tangu 2007 inatumia lugha za maeneo kwa madarasa matatu ya mwanzo vijijini. Kenya nayo ina utaratibu wa namna hiyo. Sisi tulichagua njia nyingine mwaka 1967, Kiswahili kwa shule zote za msingi, na mimi ni tunda la uamuzi huo. Bila huo babu na bibi yangu wangenisomesha kwa lugha gani? Sera ya Utamaduni ya 1997 inawataka wananchi waendelee kutumia na kujivunia lugha zao za jamii, lakini mlango wa darasa umebaki wa Kiswahili. Kusema kweli kwa darasa la mama mdogo, lenye lugha tano au sita, hata ukitaka kufundisha kwa lugha ya mama utauliza: mama yupi? Kwa hiyo sitetei kubadilisha lugha ya kufundishia darasa la kwanza. Ninachopinga ni lile daftari. Ngũgĩ wa Thiong'o ameeleza jinsi walivyoadhibiwa Kenya kwa kuongea Kigikuyu karibu na shule, na tukimsoma tunawalaani wakoloni. Kwetu daftari lilitunzwa na mtoto wa Kindamba, kwa ajili ya Kiswahili.

Sasa ngazi ya pili, ambayo ndiyo iliyonitoa jasho.

Nilipangiwa Kidato cha Kwanza, fizikia, mada ya kuelea na kuzama. Nikaingia na Kiingereza changu cha chuo, nikaandika kanuni ya Archimedes ubaoni, nikauliza swali. Kimya. Ule ukimya mnaoujua, wa watu arobaini na kitu wanaoangalia kucha zao. Nikauliza tena taratibu, kana kwamba tatizo ni mwendo. Mwalimu wangu wa somo aliyekuwa nyuma akaandika kitu kwenye fomu yake.

Siku iliyofuata, nikiwa sina wa kuniangalia, nikasema kwa Kiswahili: "Nani hapa kwao kuna mtumbwi?" Mikono ikapanda. Binti mmoja wa familia ya wavuvi, ambaye tangu nifike hakuwa amefungua mdomo, akasimama.

"Madamu, ukipakia magunia ya mpunga mtumbwi unashuka, maji yanapanda mpaka karibu na ukingo. Ukipakua, unainuka wenyewe. Ukizidisha gunia moja tu, mnazama wote."

Jamani, hiyo ndiyo kanuni ya kuelea yenyewe. Mtumbwi unashuka mpaka uzito wa maji uliyoyasukuma ulingane na uzito wake pamoja na mzigo, na ukingo ukiisha kabla hesabu hiyo haijalingana, maji yanaingia. Yule binti aliijua fizikia ile kabla sijazaliwa kama mwalimu. Alichokosa ni maneno matatu au manne ya Kiingereza. Tukayaandika pembeni mwa ubao, neno la Kiingereza kushoto na maana ya Kiswahili kulia. Wakajadiliana kwa Kiswahili wawili wawili, kisha kila jozi ikaandika sentensi mbili za Kiingereza kwa kutumia maneno yale. Sentensi zilikuwa na makosa mengi. Zilikuwa pia sentensi za kwanza walizotunga wenyewe badala ya kunakili zangu.

Baadaye nilikuja kujua kwamba sikugundua kitu. Miaka ya 2010 kulikuwa na mradi ulioitwa LSTT, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dodoma, St John's, Aga Khan na wenzao wa Bristol, uliotengeneza sura za vitabu vya Kidato cha Kwanza kwa mtindo huohuo: Kiingereza chepesi, sentensi fupi, orodha ya maneno yenye maana kwa Kiswahili, na nafasi ya wanafunzi kuongea kabla ya kuandika. Na tatizo lenyewe lilikuwa linajulikana muda mrefu. Tume ya Rais chini ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 sekondari nazo zihamie kwenye Kiswahili, haikutekelezwa. Mwaka 1984 Criper na Dodd walipima Kiingereza cha wanafunzi wakakuta wengi hawawezi kujifunzia masomo mengine kwa lugha hiyo. Mtaala mpya ulioanza 2024 umekirudisha Kiingereza darasa la kwanza, ambalo kwa mtoto wa boma ina maana ngazi zote mbili zimewekwa mlango mmoja, siku moja. Mama mdogo anacheka akiliongelea hilo, lakini si cheko la furaha.

Kuna jambo moja tunalofundishwa chuoni ambalo ningependa kila mwalimu mkuu alijue. Jim Cummins wa Kanada alitenganisha lugha ya kuongea na lugha ya kusomea. Ya kuongea, ya kucheza na kununua maandazi, mtoto anaipata kwa miaka kama miwili. Ya kusomea, ya kueleza sababu na kulinganisha, huchukua mitano hadi saba. Ndiyo maana unamsikia mtoto wa Kisukuma anabishana mpira kwa Kiswahili safi uwanjani, halafu darasani kwenye aya ya ufahamu anakwama, na unasema "huyu anajifanya". Hajifanyi. Yuko mwaka wa tatu kwenye safari ya miaka saba. Na Bonde la Kilombero linamkatia safari hiyo katikati, maana msimu wa mpunga ukifika familia nyingi zinahamia shambani, watoto wanapanda kwenye dungu kufukuza ndege, wiki zinapita.

Kwenye fomu yangu ya TP, mkaguzi aliandika kwamba nitumie "lugha ya kufundishia" muda wote. Maksi zikakatwa. Nilikuwa nataka kubisha nikakumbuka bumu na vyeti, nikasaini. Hilo nalo mlijue, kwamba kuna gharama, na haijanitoka moyoni kwamba nilisaini.

Siku naondoka nilikuwa stendi Ifakara nasubiri basi la Morogoro. Bodaboda mmoja akasimama mbele yangu, akanitazama sana, akaniita kwa jina la utotoni. Alikuwa yeye. Akaniambia mdogo wake, yule aliyekuwa anamwita saa ya uji, anachunga ng'ombe za baba yao. Nikatafuta cha kusema kuhusu lile daftari nikakosa. Nikamsalimia kwa neno nililofundishwa na mama mdogo, "mwangaluka", ingawa ilikuwa karibu saa nane mchana na hiyo ni salamu ya asubuhi.

Akacheka mpaka akazima pikipiki. "Angalia," akasema, "usije ukaandikwa jina."