JE, KIINI KIMOJA CHAWEZA KUWA VIWILI?

Mwaka huu mimi na wenzangu wawili tuliandika programu ya kuigiza jinsi joto linavyosambaa katika bamba la chuma, tuipeleke kwenye kongamano la sayansi. Prosesa ya kompyuta tuliyopewa ina viini vinne, lakini yenyewe ilituonyesha vinane. Tukafurahi kweli! Tukagawa kazi mara nane, tukaenda zetu kula githeri. Kurudi, wapi! Ilichelewa kuliko tulipoigawa mara nne. Na ilikuwa imebaki siku moja tu.

Mwalimu wetu wa Fizikia akatucheka: "Nyinyi mmehesabu majina, hamkuhesabu watu."

Kumbe ujanja huo huitwa haipathredingi. Kampuni ya Intel iliuleta mwaka wa 2002 katika prosesa za Xeon na Pentium 4. Kiini hubaki kimoja, ila hupokea mikondo miwili ya maagizo kwa pamoja.

Fikiria jiko moja lenye wapishi wawili. Mmoja akienda stoo kuchukua vitunguu, mwenzake hupika, na moto haupotei bure. Hiyo ndiyo faida yake. Lakini wote wakitaka kukaanga wakati mmoja, watasukumana tu. Meza nayo ni ile ile. Vitu vya huyu vikijaa, vya yule huondolewa.

Sasa, uigaji mwingi wa kisayansi ni hesabu mfululizo, kwa hiyo jiko halina nafasi. Programu kama yetu pia huchota tarakimu nyingi mno kutoka kwenye kumbukumbu ya kompyuta, yaani stoo. Mlango wa stoo ukishajaa watu, kuongeza wapishi ni kurefusha foleni. Hata hivyo, zipo programu zinazorukaruka huku na huku katika kumbukumbu, zikingoja muda mrefu, kama zile za kufuata chembe moja moja za nyutroni. Hizo hufaidika.

Intel wenyewe waliuacha ujanja huu katika prosesa zao za Core Ultra 200S za mwaka wa 2024.

Basi ndugu zangu, msikatae wala msikubali kabla ya kupima. Endesha programu yako kwa njia zote mbili, ushike saa. Sisi tulirudia nne, tukamaliza usiku ule ule. Wahenga hawakukosea: mafahali wawili hawakai zizi moja.