Je, Wajua? Karakana za Makumbusho na Watoto Tusiowaona

Je, wajua kwamba zaidi ya miaka mia moja iliyopita kuna mtu aliyepima makumbusho kwa kutazama migongo ya wageni? Mwaka 1916 Benjamin Ives Gilman, katibu wa Makumbusho ya Sanaa ya Boston, Marekani, alichapisha katika jarida la The Scientific Monthly picha za mtu akiinama, akichuchumaa na kukaza shingo mbele ya makabati ya vioo, akihangaika kujibu maswali mepesi kuhusu vitu vilivyowekwa ndani. Hoja yake ni kwamba mgeni akichoka, wa kulaumiwa ni aliyepanga kabati. Miaka ya 1920 na 1930 wanasaikolojia Edward Robinson na Arthur Melton walianza kuhesabu muda: waliwafuata wageni kimyakimya na kuandika kila mmoja amesimama wapi na kwa dakika ngapi. Melton aligundua kwamba wengi wakiingia ukumbini hugeukia kulia.

Siku hizi hesabu ya dakika haitoshi, kwa sababu makumbusho mengi yamefungua karakana: chumba chenye nyundo, gundi, waya, mota ndogo na maboksi, ambamo mtoto anakaribishwa kuunda kitu kwa mikono yake. Hakuna mtihani wala alama, na jibu sahihi si moja. Mtoto akikaa mezani nusu saa, huenda amezama kwenye kazi, na huenda amekwama na anaona aibu kuomba msaada. Saa haiwezi kututenganishia hao wawili.

Je, wajua kwamba karakana iliyoshughulika sana na swali la namna ya kuwatenganisha watoto hao imo ndani ya makumbusho yaliyoanzishwa na mtu aliyekuwa akiwapeleka wanafunzi jalalani? Frank Oppenheimer, mwanafizikia na mdogo wake Robert Oppenheimer wa bomu la atomiki, alifungiwa milango ya vyuo vikuu kwa miaka kadhaa kwa sababu aliwahi kuwa mwanachama wa chama cha kikomunisti. Akafuga ng'ombe Colorado, kisha akafundisha sekondari huko huko, na vyuma chakavu vya jalalani vikawa vifaa vyake vya maabara. Mwaka 1969 alifungua Exploratorium mjini San Francisco. Leo ndani yake kuna Tinkering Studio, ambako mtoto anaweza kufunga mota kwenye kikombe, akaning'iniza kipande cha gundi upande mmoja wa mota ili iyumbe, akakitia kikombe miguu ya kalamu za rangi, kisha akakiachia kicheze na kuchora duara kwenye karatasi.

Amejifunza nini hapo? Watafiti na wahudumu wa karakana hiyo walikaa pamoja kutazama video za wageni wakiwa kazini, wakijiuliza ni wakati gani hasa mtu anaonekana anajifunza. Wakatoka na ishara walizozipanga katika mafungu manne: kujishughulisha, kujiwekea nia na kuifuata, kusaidiana, na kukua kwa uelewa. Kinachonifurahisha zaidi katika orodha yao ni heshima waliyoipa hali ya kukwama. Mtoto ambaye kikombe chake kinaanguka kila mara, akasogeza uzito, akajaribu tena, akatazama cha jirani kisha akarudi kwenye chake, anahesabiwa kuwa katikati ya kujifunza. Kwa mtihani wa darasani huyo angepata sifuri. Na ishara ya kusaidiana inamtazama pia anayekopesha wazo lake kwa mwenzake, jambo ambalo katika chumba cha mtihani huitwa udanganyifu.

Pittsburgh nako, Makumbusho ya Watoto yalifungua karakana iitwayo MAKESHOP mwaka 2011. Watafiti wake walibainisha mazoea saba ya kujifunza kwa kuunda. Mojawapo ni kukifumua kitu na kukipa kazi mpya.

Je, wajua kwamba mzazi mwenye mapenzi mema anaweza kumnyima binti yake maelezo bila kujua? Mwaka 2001 Kevin Crowley na wenzake walichapisha utafiti uliofanywa katika makumbusho ya watoto huko California. Walirekodi mazungumzo ya familia zikichezea vyombo vya sayansi, matukio 298 kwa jumla. Wazazi waliwaelekeza wavulana na wasichana kwa usawa namna ya kutumia chombo: bonyeza hapa, zungusha pale. Lakini ilipofika kueleza kwa nini jambo linatokea, waliwaeleza wavulana mara tatu zaidi ya wasichana. Tofauti hiyo ilikuwapo hata kwa watoto wadogo ambao hawajaanza shule. Huenda hapakuwa na mzazi aliyekusudia kubagua, na dodoso la mlangoni lisingeugundua ukweli huu, maana kila mzazi angejibu kwa moyo safi kwamba watoto wake wote amewatendea sawa. Ilibidi mtu asikilize mazungumzo, neno kwa neno. Utafiti huu ungepaswa kubandikwa kwenye ukuta wa kila karakana ya watoto.

Habari njema ni kwamba kazi yenyewe ikibadilishwa kidogo, mambo hubadilika. Katika makumbusho ya New York Hall of Science, mtaa wa Queens, watafiti walijaribu shughuli za uhandisi kwa namna mbili, moja kavu na nyingine yenye kisa cha mtu mwenye shida, kwa mfano bibi anayehitaji kifaa cha kumrahisishia maisha. Wasichana waliopewa kisa walionyesha zaidi kumjali mtumiaji wa kifaa, na kujali huko kuliambatana na kazi nzuri zaidi ya uhandisi: kupanga, kujaribu, kurekebisha.

Je, wajua pia kwamba picha za kwenye jalada la jarida zinaweza kuwa kipimo? Mwaka 2013 Leah Buechley alisimama Chuo Kikuu cha Stanford na matokeo ya kuhesabu watu waliotokea kwenye majalada ya Make, jarida lililoanza mwaka 2005 na kuipa nguvu harakati yote ya karakana hizi. Asilimia 85 walikuwa wanaume na wavulana. Mtu asiye Mzungu hakuwapo hata mmoja. Buechley alikuwa na haki ya kusema, kwani ndiye aliyebuni LilyPad, bodi ya elektroniki inayoshonwa kwenye nguo kwa uzi unaopitisha umeme. Utafiti alioufanya na Benjamin Mako Hill ulionyesha kuwa kati ya miradi ya LilyPad iliyochapishwa na waundaji wenyewe, asilimia 65 ilikuwa ya wanawake. Ile ya Arduino, bodi ya kawaida ambayo LilyPad imejengwa juu yake, ya wanawake ilikuwa asilimia 2. Umeme ni ule ule. Kilichobadilika ni kwamba sindano na kitambaa vimeruhusiwa kuingia.

Watafiti Shirin Vossoughi, Paula Hooper na Meg Escudé walilisogeza jambo hili mbele mwaka 2016, wakikumbusha kwamba kuunda, kutengeneza na kukarabati ni kazi za kale za jamii maskini na za wahamiaji, hata kama hazikuwahi kuitwa ubunifu. Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kushawishiwa. Gari la waya lenye magurudumu ya visoda na usukani mrefu ni uhandisi mtupu, na Maker Faire Africa ilipofika Nairobi mwaka 2010, mafundi wa jua kali walikuwa wameshafanya kazi hiyo kwa miongo mingi. Mpimaji asiyejua hayo atamwandika mtoto wa fundi kuwa mgeni wa karakana, kumbe nyumbani kwao ni karakana tupu.

Mwisho kuna mlango wenyewe. Tangu mwaka 2014 mpango wa Museums for All nchini Marekani unaziruhusu familia zinazopokea msaada wa chakula wa serikali kuingia kwa dola 3 au pungufu, hata bure. Ni hatua kubwa, lakini Emily Dawson aliyezungumza na Wasomali, Wasierra Leone na Walatino wa London, katika utafiti uliotoka mwaka 2014, alikuta kwamba kiingilio si kikwazo pekee. Lugha ya mabango, mambo ambayo waandaaji waliyachukulia kuwa kila mtu anayajua, na hisia kwamba mahali pale pamejengwa kwa ajili ya watu wengine, viliwarudisha nyuma hata walipokuwa wameshaingia. Na watu kama hao, wakiacha kuja, hawaonekani kwenye video yoyote ya karakana, wala sauti zao hazimo katika mazungumzo yanayorekodiwa mezani. Dawson aliwafuata huko walikokuwa, kwenye vikundi vyao vya kijamii, ndipo akawasikia.